Tawi la Mchikichi Ndani ya Sanduku la Karabai

Ansila mwanangu,

Kama dereva hajalewa na lori halijaharibika, basi unasoma maneno haya mkiwa barabara ya Manyovu, na mama yako amekaa kando yako. Nimekukataza kuifungua bahasha hii kabla hamjaondoka Kigoma. Kama umeifungua mapema, nakujua, sishangai, lakini ifunge usubiri, maana mwishoni kuna jambo ambalo lina wakati wake.

Naandika jioni ya Jumanne. Wewe uko Buzebazeba kwa mama yako, mnafunga mizigo. Sitakuandikia habari za sweta, wala za dawa ya malaria, wala za kuchemsha maji. Hayo tumeyasema mpaka umechoka kunisikia. Wala sitakuandikia usali, kwa sababu sijaona mtoto aliyesali kwa kuwa baba yake alimwandikia. Nataka kukueleza habari za shaka yangu. Umeishi nayo nyumba moja tangu hujaota meno, na imekugharimu kitu ambacho hukijui chote.

Una mama wawili, mmoja yuko kaburini. Huyo wa kaburini nitamwita Veronika, nisije nikakuchanganya.

Unajua hapa Katonga wananiitaje. Mbele yangu wananiita Fundi, nikigeuka wananiita Mzee Una-Hakika. Mvuvi akileta karabai yake akasema imezima yenyewe, nanusa tangi, natazama masizi, namwambia, "Una hakika? Hii umeiangusha wewe." Na mara nyingi inakuwa kweli. Shida yangu imekaa hapo. Mtu mwenye shaka angekosea kila siku angeiacha, lakini mimi nilikuwa napatia, nikazidi kunenepa ndani yake. Nilimshuku muuza mafuta, nikamshuku katekista Fidelis na kapu lake la sadaka, nikawashuku wakimbizi wote waliopita hapa, kwamba nusu yao walikimbia vita na nusu walikimbia madeni. Tena nilimshuku Mungu. Mimi na Veronika tulikuwa tumezika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, na tangu hapo nilikuwa nakwenda kanisani kama mtu anayekwenda kuripoti polisi ili asije akatafutwa nyumbani. Niliambiwa kila Kwaresima kwamba upendo wake haukomi. Nilijibu pamoja na wengine, lakini moyoni nilisema, una hakika?

Ulikuja siku ya Jumapili ya Matawi. Wakati huo tulikaa Mwamgongo. Mitumbwi ilifika kutoka upande wa Burundi imejaa watu, wengine wamevaa nguo za kanisani, na bibi mmoja mzee alishuka amekukumbatia. Hukuwa mjukuu wake. Alisema ulitupiwa mikononi mwake kwenye mtumbwi, mama yako akarudi kumshika mkono mkwewe aliyekuwa hawezi kutembea vizuri, na risasi ziliposikika karibu, mwenye mtumbwi akasukuma. "Mama yake atakuja na mtumbwi mwingine," yule bibi akasema, akakuweka mikononi mwa Veronika, akaendelea na wenzake.

Ulikuwa umefungwa kwenye kitenge cha bluu. Mkononi ulishika kipande cha tawi la mchikichi, tawi la kanisani, na hukutaka kuliachia. Veronika alikulisha uji ukiwa umelishika. Ulilala ukiwa umelishika. Alingoja usingizi ukukolee ndipo akakufumbua vidole, akalichomeka juu ya msalaba wetu ukutani. Pale kijijini watu wawili tu ndio walioliona tawi hilo na kujua limetoka wapi, mimi na yeye.

Sasa sikiliza. Wewe umekua ukijua kwamba tulihama Mwamgongo kuja Katonga kwa sababu ya kazi, kwamba huku wavuvi ni wengi na karabai ni nyingi. Ndivyo nilivyomwambia kila mtu. Ukweli ni kwamba Veronika alikuwa anashuka ufukweni kila mtumbwi ukifika, wewe mgongoni, anauliza wanawake mmoja mmoja kama wamepoteza mtoto. Nilimwangalia akiuliza, na kila mara mwanamke akitikisa kichwa mimi nilipumua. Nilikuwa nimeshakupenda. Nikaanza kuuogopa mtumbwi mwingine kuliko nilivyowahi kuogopa dhoruba. Basi nikahamisha nyumba ili mtumbwi huo ukija usitukute. Nilipakia karabai, vyungu, msalaba na tawi lake, nikasema ni kazi. Veronika hakubisha. Alisema tu, "Mungu anajua Katonga ni wapi." Nilidhani ananitania.

Mama yako alipita njia ya nchi kavu, hii hii mnayopita leo, akapelekwa kambini upande wa Kasulu pamoja na bibi yako. Alipopata ruhusa ya kwanza kutoka, alikwenda Mwamgongo. Tulikuwa tumeshahama, na miaka ikapita kabla hajampata wa kumwambia tulikoelekea.

Usidhani shaka yangu ilikuwa ya bure siku zote. Ulipokuwa unaanza kutembea, alikuja mwanamume mmoja hapa Katonga, amevaa vizuri, analia, anasema wewe ni mtoto wa dada yake. Nikamuuliza, "Mtoto alikuja na nini?" Akasema ulikuwa na shanga kiunoni. Hukuwa na shanga. Nikamfukuza na nyundo mkononi, na baadaye tukasikia anatafuta watoto wa kwenda kuwatumikisha. Kwa hiyo siwezi kukuambia uwaamini watu wote. Huko unakokwenda kuna watu wa namna hiyo pia, na damu ni nzito kuliko maji lakini si kila anayesema damu anayo. Uliza maswali yako. Ila ukipata jibu, likubali. Mimi niliuliza swali zuri, na siku jibu lilipokuja nililikataa.

Veronika alifariki ukiwa darasa la tatu, hilo unalikumbuka. Alipokuwa hai, kila mwaka kabla ya Kwaresima, Fidelis akitangaza watu warudishe matawi ya mwaka uliopita yachomwe yawe majivu ya kuanzia Kwaresima, Veronika alitoa matawi yetu yote isipokuwa lile. "Hilo lina mwenyewe," alisema. Alilitunza kwa ajili ya mtu aliyekuwa anamngoja. Nilipobaki peke yangu nililitoa ukutani, nikalifunga kwenye gazeti, nikaliweka chini kabisa ya sanduku la vipuri vya karabai. Nilijiambia nalihifadhi lisiliwe na mende. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba siku tawi lile litakapotoka humo, wewe nawe utatoka. Mkristo mzima, Ansila, niliyebatizwa na kuolea kanisani, nilikuwa nalinda jani kama mganga anavyolinda hirizi yake.

Kisha Kwaresima ya mwaka jana akaja mwanamke kibandani kwangu, amevaa kandambili zisizofanana. Ulikuwa shuleni. Nilikuwa napiga pampu karabai ya mteja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Nimeambiwa una binti alikuja na mtumbwi, siku ya Matawi."

"Nani kakuambia?"

"Watu ba Mwamgongo."

"Watu wa Mwamgongo wanasema mengi," nikamjibu. Halafu nikatoa swali langu. "Huyo mtoto wako alikuwa na nini?"

"Alikuwa mu gitenge canje, cha bluu," akasema. "Na tawi. Twari tuvuye mu misa, tulitoka kanisani. Alilishika akakataa kulirekura, kuliachia. Nilimwacha nalo, nikasema litamnyamazisha."

Nilimtazama usoni. Pua yako ilikuwepo pale pale.

"Si huyu," nikasema. "Wa kwangu alikuja mikono mitupu. Pole sana, mama."

Akasema, "Ego, Mzee. Urakoze," yaani ndiyo, asante, akaondoka. Hakulia wala hakunilaani. Nami nikasema, ahaa, huyu ana mpango.

Kuanzia siku ile nilikuwa mlinzi. Hakurudi kambini. Alipata kibarua cha kuanika dagaa kwa mke wa mwenye mitumbwi, pale mchangani, mahali ambapo angeweza kuona njia yako ya shule. Nikakubadilishia njia. Unakumbuka nilivyokuwa nakutuma mafuta ya taa kule juu, kwenye duka la mbali, ukanung'unika? Ndiyo sababu. Niligeuza kiti changu kibandani ili nimwone. Nilingoja siku atakayokuvuta mkono, au atakayomleta mtendaji, au atakayokunong'oneza jambo. Alikuwa anainama, anageuza dagaa, anafukuza kunguru, mvua ikitishia anakusanya na wenzake, basi. Kila asubuhi aliniamkia. Niliitikia huku nikihesabu hatua kati yake na mlango wangu.

Siku moja alikupa ndizi mbivu. Wewe ulirudi nyumbani unaila, nikakupokonya iliyobaki, nikawatupia bata wa jirani, nikakaa nikiwatazama mpaka jioni. Bata hawakufa. Kesho yake walikuja mlangoni kuuliza kama kuna nyingine.

Na siku nyingine ulikatiza mchangani, nadhani ulichelewa shule, ukamkuta uso kwa uso. Nilisimama. Nilikusikia ukisema, "Shikamoo, mama," kama unavyomwamkia mwanamke yeyote. Akajibu, "Marahaba, mwanangu," kama mwanamke yeyote anavyojibu. Ukapita. Yeye akainama kwenye dagaa, na hakuinua kichwa mpaka jua lilipopanda. Nilikaa nikaendelea na kazi. Nilijua nilichokuwa nakifanya. Sikukifanya kwa kutojua, na usikubali mtu yeyote akakuambia baba yako hakujua.

Kwaresima hiyo nilikuwa nimeacha tumbaku, nikaona nimetimiza wajibu. Ijumaa nilikwenda Njia ya Msalaba, nikakaa benchi la nyuma ya yule mwanamke ili nimlinde hata humo. Tukafika kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na Mama yake. Wote walipiga magoti. Mimi nilibaki nimesimama, nikajisingizia mgongo. Ijumaa iliyofuata mgongo uliniuma tena kituo hicho hicho. Ya tatu yake, Fidelis akaniletea kiti. Nilimchukia Fidelis kwa kile kiti kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Ikafika Jumapili ya Matawi. Wewe ulikuwa mbele na kwaya. Baada ya Misa, watu wakiwa wanatawanyika na matawi yao, yule mwanamke alinifuata, akaninyooshea tawi lake kwa mikono miwili.

"Pokea la mwaka huu, Mzee," akasema. "Lile la kwanza litakuwa limeshakauka sana."

Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nalijua siku ile ile. Niliposema tawi, mkono wako ulisimama ku pampu."

"Mbona hukupiga kelele? Mbona hukumwendea paroko, au serikali?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Umwana wanje amenona. Anasoma. Anacheka. Aliyemlea si mwizi, Mzee. Anaogopa tu."

"Na kama nisingesema mpaka kufa?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ningebaki hapa, nkanika dagaa."

Ansila, mimi si mhubiri. Lakini nitakuambia nilichokisikia pale, kwa sababu sijakisikia tena na sitaki kisahaulike. Miaka yote nilimdhania Mungu ni yule mtu wa shanga, anayekuja amevaa vizuri kudai kisicho chake. Nikaficha vitu vyangu. Siku ile nikawaza kwamba labda yeye alikuwa mchangani muda wote, ameshajua nimeficha nini na wapi, na anaendelea kuniamkia kila asubuhi. Sikuwa na hakika. Mpaka leo sina hakika ya kuapa mbele ya watu. Lakini ni mara ya kwanza nilitamani jambo hilo liwe kweli badala ya kulitafutia kosa.

Yaliyofuata unayajua. Siku ile ile nilikuita kibandani, nikakukalisha kwenye kiti cha wateja, nikakuambia. Ulinitazama, ukakimbilia mchangani ukiwa na sare ya kwaya. Juma Kuu lote hukunisemesha. Ulipika, ukaniwekea chakula, ukatoka nje. Nilistahili zaidi ya hapo. Pasaka asubuhi ukaniletea chai, ukasema, "Baba, sukari imeisha," nami nikalia kwa ajili ya sukari mbele ya bata wa watu.

Mama yako alikuambia jina alilokupa, Nizigiyimana, kwamba namtumainia Mungu. Nikiri jambo moja dogo: nilipolisikia nilisema moyoni, wanaomtumainia kiasi hicho ndio wanaoachwa na mitumbwi. Nililisema kwa uchungu. Sasa nadhani jina hilo ndilo lililomtembeza kwa miguu kutoka Kasulu. Liandike kwenye madaftari yako, uweke na Ansila pembeni kama nafasi itatosha.

Kisha amani ikasemwa huko kwao, na wenzake wakaanza kurudi, msafara baada ya msafara. Angeweza kukuchukua Juni. Aliiacha misafara ikapita kwa sababu ulikuwa na mtihani wa darasa la saba. Nilimwambia, "Nenda, nitamleta mwenyewe." Akacheka, akasema sasa yeye ndiye ananishuku mimi. Basi akapanga chumba Buzebazeba, akangoja tena. Huyu mwanamke amengoja mpaka kungoja kwenyewe kumechoka.

Juzi uliniuliza kama nina kinyongo ukienda. Nilikujibu upesi, "Sina," nawe ukaninunia kwa sababu nilijibu upesi mno. Jibu refu ni hili. Ninaumia. Nyumba hii itakuwa na sauti ya nyundo tu. Naishuku amani ya huko, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nalishuku lori, namshuku dereva, nawashuku hata baba zako wadogo watakaokuonyesha shamba la baba yako mzazi na kukuambia mpaka uko hapa wakati uko pale. Mama yako pekee ndiye niliyeshindwa kumshuku, na nilijitahidi. Ukiwa naye sitakesha. Hilo ni jibu langu, na sikulitoa upesi.

Utakosea huko, utaficha kitu, kila mtu ana sanduku lake. Siku hiyo usihame nyumba kama mimi nilivyohama. Kaa ulipo, uone kama anayekujua atakuacha.

Sasa lile jambo la mwishoni. Jumapili Fidelis alitangaza matawi kama kawaida. Leo mchana nilifungua sanduku la vipuri, nikafungua gazeti. Lilikuwa limebaki kijiti na majani matatu manne, rangi ya chai. Kwenye kijiti palikuwa pamebonyea kidogo, sijui ni vidole vyako au ni kukauka, na safari hii sikuuliza. Nilitaka nikupe wewe. Nikataka nimpe mama yako. Lakini nilijijua: ningekupa tawi, halafu ningekaa hapa nikiamini kwamba maadamu unalo utarudi, hirizi ile ile imebadilisha sanduku. Nikalipeleka kanisani. Nikamwambia Fidelis alichome nikiona, nikasimama juu ya karai lake mpaka mwisho, asije akalisahau pembeni. Aliniuliza kama simwamini. Nikamwambia ninamwamini, ila nasimama. Lilishika moto mara moja, likaisha kabla sijamaliza Baba Yetu. Akalichanganya na mengine, akayasaga, akayachekecha kwa kitambaa.

Kesho asubuhi, yaani leo unaposoma, tutakuwa tumesimama kwenye mstari mmoja watu watatu, na paroko atakuwa ametupaka majivu. Hutakuwa umejua, wala mama yako. Mimi peke yangu ndiye nitakayekuwa najua, kwa mara ya mwisho.

Msomee mama yako hadi hapa. Kisha mtazame kwenye paji la uso, naye akutazame wewe. Hilo ndilo lile tawi. Ulikuja kwangu umelishika, na sijakunyang'anya.

Usiyafute majivu hayo. Yaache yapukutike yenyewe, huko nyumbani kwenu.

Ni mimi ninayekupenda, na katika hili usiniulize kama nina hakika,

Baba yako,
Fundi wa Katonga